Mashine ya oksijeni, watu watano na bili ya Julai: kisa kimoja cha punguzo la umeme California

Kaya ina watu watano na imepanga nyumba ya kawaida mjini Fresno, California. Baba anafanya kazi ghalani, mama ana kibarua cha nusu siku, watoto wawili wako shule. Mtu wa tano ni bibi, mama mzaa baba, aliyehamia kwao Februari 2025 baada ya mapafu kudhoofika kiasi cha kumtegemeza kwenye mashine ya oksijeni usiku na mchana. Kaya yenyewe ni ya mfano. Kanuni, asilimia na viwango vya kipato ni vya kweli, na ni vya mwaka wa programu ulioanza Juni 2025 na kuishia Mei 2026.

Bili ya umeme ya Julai imekuja dola 477.98. Juu yake kuna deni la miezi iliyopita, dola 1,640, na karatasi ya onyo la kukatiwa. Ukiwauliza kama wameomba punguzo watakujibu kwamba wanalo, na ni kweli: bili inaonyesha neno FERA, moja ya programu mbili za punguzo la kipato, na asilimia 18 imeshatolewa. Hapo ndipo watu wengi wanaowasaidia wangefunga faili. Wana punguzo, lakini wamewekwa kwenye punguzo lisilo lao, na mgonjwa aliyemo ndani ya nyumba hajaandikwa popote.

Tuanze na jambo linalowapotosha hasa wanaotoka kwetu. Tanzania umeme wa bei nafuu wa majumbani, ule wa kundi la D1, unafuata uniti: kaa ndani ya uniti 75 kwa mwezi na bei inabaki chini. Kenya nako mstari wa nafuu umechorwa kwenye uniti 30. Kwa hiyo mtu anafika Marekani na imani kwamba punguzo ni zawadi ya anayetumia kidogo, na kwamba nyumba yenye mashine inayonguruma saa 24 haina haki ya kuuliza. California haiko hivyo. Punguzo la kipato linafuata kipato na idadi ya watu, posho ya wagonjwa inafuata ugonjwa na kifaa, na hakuna hata moja linalokuja lenyewe. Lazima uombe, na kila moja lina fomu yake.

Uniti zimekwenda wapi

Mashine ya oksijeni ya nyumbani yenye uwezo wa hadi lita 5 kwa dakika hula takriban wati 350. Ikiwaka saa 24 ni uniti 8.4 kwa siku, yaani uniti 252 kwa mwezi wa siku 30. Kiyoyozi cha nyumba nzima kwenye joto la Fresno, ambalo Julai hupita nyuzi 37 za Selsiasi mara kwa mara, tumekihesabia uniti 22 kwa siku. Friji, taa, televisheni, kufua na kupika, uniti 12. Jumla ni uniti 42.4 kwa siku, 1,272 kwa kipindi cha bili cha siku 30.

Kuna ulaji mwingine uliojificha. Wati 350 zote za mashine huishia kuwa joto ndani ya chumba, na kiyoyozi kinalazimika kulitoa nje. Bibi analala kwenye chumba kidogo, mlango umefungwa ili ule mngurumo usisumbue watoto, chumba kinapata moto, anaomba kiyoyozi kishushwe, nyumba nzima inapozwa kwa ajili ya chumba kimoja. Mashine ikihamishiwa ukumbini, mbali kidogo na ukuta na pazia ili ivute hewa, bibi akatumia mpira mrefu zaidi wa urefu ulioruhusiwa na aliyeleta mashine, chumba kinapoa bila kugusa kitu kingine. Kichujio cha vumbi kisafishwe kila wiki. Kikiziba, mashine inachemka na oksijeni inayotoka inapungua ubora.

Sasa bei. Kaya iko kwenye mpango wa ngazi wa kampuni ya umeme ya PG&E, ule wa E-1. Kila nyumba hupewa kiwango cha msingi kulingana na eneo na msimu. Kwa ukanda wa Fresno kiangazi tumechukua uniti 17.7 kwa siku, yaani 531 kwa siku 30. Uniti zilizo ndani ya kiwango hicho hulipiwa bei ya ngazi ya kwanza, zinazozidi hulipiwa ngazi ya pili. Bei hubadilika mara kadhaa kwa mwaka, hivyo kwa hesabu hii tumetumia namba za duara: senti 40 ngazi ya kwanza na senti 50 ngazi ya pili.

Uniti 531 kwa senti 40 ni dola 212.40. Uniti 741 zilizobaki kwa senti 50 ni dola 370.50. Bili kabla ya punguzo lolote ni dola 582.90. Toa asilimia 18 ya FERA, unapata ile 477.98.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye kisanduku cha idadi ya watu

CARE na FERA huombwa kwa fomu moja. Unaandika idadi ya wanaoishi nyumbani na kipato cha wote, na jibu linaamua unaangukia wapi. CARE inapunguza umeme kwa asilimia 30 hadi 35 kwa wateja wa kampuni tatu kubwa, PG&E, SCE na SDG&E, na gesi kwa asilimia 20. FERA inapunguza umeme tu, asilimia 18, kwa wale ambao kipato chao kimepita mstari wa CARE kidogo. Mstari wa CARE ni mara mbili ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu ya Marekani. FERA inaanzia hapo hadi mara mbili na nusu.

Kwa mwaka tunaouzungumzia, CARE ilikuwa hivi: mtu mmoja au wawili, dola 42,300 kwa mwaka; watatu, 53,300; wanne, 64,300; watano, 75,300; na kila anayeongezeka, 11,000 juu yake.

Baba anapata dola 43,000 na mama 21,500, jumla 64,500. Walipojaza fomu mwaka uliotangulia walikuwa wanne. Fomu ya Juni 2025 waliijaza kwa kunakili ya zamani: watu wanne, dola 64,500. Kwa mstari mpya wamepita CARE kwa dola 200 tu, mfumo ukawatupa FERA. Hakuna aliyekosea hesabu upande wa pili. Fomu ilisema wanne, ikajibiwa kama ya watu wanne.

Bibi yupo tangu Februari. Anakula hapo, analala hapo, barua zake za hospitali zinakuja hapo. Ni mtu wa tano, na mstari wa watu watano ni dola 75,300. Je, yeye ana kipato? Hana mshahara wala pensheni, lakini mtoto wake mwingine humtumia dola 150 kila mwezi. Hizo nazo huhesabiwa, kwa kuwa fomu inataka kipato chote cha wote, kinachokatwa kodi na kisichokatwa, pamoja na fedha za msaada. Ni dola 1,800 kwa mwaka. Jumla ya kaya inakuwa 66,300, chini ya mstari kwa dola 9,000. Wana haki ya CARE, na wamekuwa nayo tangu bibi alipoingia.

Kipato kinachoandikwa ni kile cha kabla ya makato. Watu hufanya kosa kinyume hapa: wanaandika kilichoingia benki, wanapata CARE bila tabu kwa sababu maombi hupokelewa kwa neno la mwombaji, halafu barua ya uhakiki inapokuja hati za mshahara hazilingani na fomu, na punguzo linaondolewa. Ni bora kuanza na namba iliyo kwenye hati.

Upo pia mlango wa pili wa CARE ambao kaya hii ingeweza kuupitia bila kuhesabu dola hata moja. Kama mtu yeyote wa nyumbani yumo kwenye programu fulani za umma, kama Medi-Cal (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), CalFresh (msaada wa chakula), WIC (chakula cha kina mama na watoto wadogo) au SSI (fedha za wazee na wenye ulemavu), kaya inastahili CARE kwa kigezo hicho peke yake. Bibi ana Medi-Cal. Kuweka alama kwenye kisanduku hicho kunatosha, na uhakiki ukija barua ya sasa ya Medi-Cal yenye jina lake na anwani ya nyumba hiyo ndiyo inayotumwa. Kwa kaya ambayo baba anafanya kazi za msimu na kipato kinapanda na kushuka, ningependelea mlango huu kuliko wa hati za mishahara. Anwani tu ndiyo ya kuangalia: bibi akiwa bado ameandikishwa kwenye anwani ya mtoto mwingine, barua haithibitishi kwamba anaishi hapa. Arekebishe anwani kwanza ofisi ya ustawi ya kaunti, kisha aombe barua mpya.

Punguzo halirudi nyuma. Fomu ikipitishwa Agosti, nafuu inaanza na bili inayofuata. Ile tofauti ya Machi hadi Julai imekwenda. Ndiyo maana mtu anapohamia au kuzaliwa nyumbani fomu hupaswa kujazwa upya wiki ileile, bila kusubiri barua ya kuthibitisha upya, ambayo kwa kawaida huja kila baada ya miaka miwili, au minne kwa wenye kipato kisichobadilika.

Kwa CARE ya asilimia 35, bili ileile ya dola 582.90 inakuwa 378.89. Karibu dola 100 chini ya FERA kwa mwezi mmoja, kwa sababu ya mtu mmoja aliyesahauliwa kwenye kisanduku.

Akaunti ina jina la baba, na hilo halina shida. Masharti ni kwamba mwenye akaunti aishi hapo na asiwe tegemezi kwenye ritani ya kodi ya mtu mwingine asiye mwenzi wake. Wapangaji ambao mita yao ni ya mwenye nyumba, kama kwenye viwanja vya nyumba za kuhamishika vyenye mita ndogo, nao huomba. Nafuu hupitia kwa mwenye mita kuu, ambaye analazimika kumfikishia mpangaji.

Medical Baseline: uniti za nafuu, siyo za bure

Hii ndiyo programu ya wagonjwa, na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Haina sharti la kipato hata kidogo. Tajiri mwenye mashine ya oksijeni anaipata, na maskini naye anaipata. Inaruhusiwa kukaa pamoja na CARE kwenye akaunti moja. Inachotoa ni uniti za ziada kwenye kiwango cha msingi: kwa kawaida uniti 500 za umeme kwa mwezi, au thermu 25 (thermu ni kipimo cha gesi) pale hitaji lilipo kwenye gesi, au vyote viwili.

Mtu akisikia "uniti 500" anadhani mita itaruka uniti 500. Hairuki. Uniti hizo zinahama tu kutoka bei ya ngazi ya pili kwenda ya kwanza. Kwa kaya yetu kiwango cha msingi kinapanda kutoka 531 hadi 1,031. Zinazozidi ni 241 badala ya 741. Hesabu: 1,031 kwa senti 40 ni dola 412.40, na 241 kwa senti 50 ni 120.50. Jumla 532.90. Nafuu ni dola 50 kamili, yaani uniti 500 mara tofauti ya senti 10. Ukiongeza CARE juu yake, bili inatua dola 346.39. Hivyo mchango wa Medical Baseline kwa mwenye CARE, kwenye bili ya Julai, ni dola 32.50.

Tunasema hivi wazi kwa sababu kaya nyingi hujaza fomu zikitarajia muujiza, bili inakuja na upungufu wa dola 30, wanaamua programu haifanyi kazi na hawajibu barua ya kuthibitisha upya. Wanapoteza dola 30, na pamoja nazo kinga, ambayo kwa bibi ina thamani kubwa kuliko pesa. Tutaifikia.

Kuna zuri jingine ndani ya hesabu hiyo. Mashine ya bibi inakula uniti 252, lakini posho ni 500. Posho haipimi mashine. Ni kiwango cha kawaida kwa kila anayestahili. Uniti 248 zilizobaki zinafunika sehemu ya kiyoyozi. Na kwa wale wenye vifaa vingi, mathalani mashine ya kupumulia pamoja na kitanda cha umeme, godoro la hewa na kiyoyozi cha lazima, inawezekana kuomba zaidi ya posho moja kwa maelezo ya daktari.

Wasiokuwa kwenye mpango wa ngazi waangalie jina la mpango wao kabla ya kulinganisha chochote. Kwenye mipango ya PG&E isiyo na kiwango cha msingi, kama E-ELEC na EV2-A, uniti za ziada hazina pa kukaa, hivyo mwenye Medical Baseline hupewa punguzo la asilimia 12 badala yake. Na kwenye mipango ya bei kwa saa, ile ya saa 10 jioni hadi saa 3 usiku ndiyo ghali. Mashine ya oksijeni haiwezi kusubiri saa 3 usiku, na kiyoyozi cha Fresno kinafanya kazi ngumu zaidi katika saa hizohizo. Sheria hairuhusu mwenye Medical Baseline kuhamishiwa kwenye bei ya saa bila ridhaa yake. Akishaandikwa, anaweza kuuliza ni mpango upi ungemgharimu kidogo kwa miezi 12 iliyopita, akajibiwa kwa namba za mita yake mwenyewe.

Fomu ina sehemu mbili. Ya kwanza anaijaza mwenye akaunti: namba ya akaunti, jina la mgonjwa, simu. Mgonjwa si lazima awe mwenye akaunti, ila lazima awe anaishi hapo muda wote. Sehemu ya pili ni ya mtoa tiba mwenye leseni: daktari, au muuguzi bingwa au msaidizi wa daktari aliyeruhusiwa. Anaandika kifaa, au hali inayohitaji joto au ubaridi wa ziada, anasema ni ya kudumu au ya muda gani, anaweka namba ya leseni na sahihi.

Fomu nyingi hufia kwenye sehemu ya pili. Zahanati inapokea karatasi mapokezi, inaiweka kwenye rundo la faksi, wiki tatu zinapita. Au daktari anasaini lakini haweki alama ya "kudumu" wala miaka, na fomu inarudishwa. Au anaandika jina la ugonjwa bila kifaa, ingawa kilichomleta bibi kwenye fomu ni kifaa. Njia inayofanya kazi ni kujaza sehemu ya kwanza mtandaoni, kuchagua mtoa tiba asaini mtandaoni pia, kisha kupiga simu zahanati na kutaja mambo matatu: mashine ya oksijeni ya lita 5, saa 24, hali ya kudumu. Kama ni karatasi, mpeleke bibi nayo siku ya kliniki na msiondoke chumbani bila sahihi. Piga picha kila ukurasa kabla haujaondoka mkononi mwako.

Lugha isiwe kizuizi. Kampuni hizi zina wakalimani wa simu, na Kiswahili kimo. Ukipiga, taja kwa Kiingereza neno moja tu, "Swahili", subiri mkalimani aunganishwe. Tafadhali msimtumie mtoto wa darasa la sita kutafsiri mambo ya deni la baba yake. Hayajui maneno hayo, na hapaswi kuyabeba.

Deni la dola 1,640

Hapa mpangilio wa hatua ndio unaoamua kama kaya itafika mwisho. Mpango unaoitwa AMP unafuta deni kwa wenye CARE au FERA: kila mwezi wakilipa bili ya sasa kamili na kwa wakati, sehemu moja ya kumi na mbili ya deni la zamani inafutwa, hadi dola 8,000 kwa jumla. Masharti ni kuwa na deni lisilopungua dola 500 (250 kwa wateja wa gesi pekee), liwe limechelewa zaidi ya siku 90, na uwe mteja kwa angalau miezi sita ukiwa umewahi kulipa bili moja kamili kwa wakati. Kwa kaya hii kila malipo safi yanafuta dola 136.67.

Kwa kuwa wana FERA tayari, wangeweza kuingia AMP leo. Tusingewashauri. Bili ya Agosti kwa FERA itakuwa karibu dola 480 tena. Wakishindwa kuilipa, na ya Septemba ikafuata, wanatolewa, na aliyetolewa husubiri miezi 12 kabla ya kurudi. AMP haisamehi bili ya sasa hata senti. Inampa nafuu anayeweza kuilipa.

Kwa hiyo kwanza CARE, ambayo kwa mtandao au simu inaweza kuombwa leo. Siku hiyohiyo, kwenye simu hiyohiyo, waombe mpango wa malipo wa deni ili onyo la kukata lisimame, na waseme mbele ya mkalimani kwamba nyumbani kuna mtu anayetegemea mashine ya oksijeni na fomu ya Medical Baseline iko kwa daktari. Bili ya kwanza yenye CARE ikishafika na kuonekana kwa macho, ndipo waingie AMP, na wakati wa kuingia waulize kuhusu kusawazisha bili, ambako gharama ya mwaka hugawanywa ili Julai isiwe mlima na Aprili bonde. Kwa AMP, bili iliyosawazishwa ni rahisi kuitimiza kuliko bili inayoruka.

Kando ya hayo ipo LIHEAP, fedha za serikali kuu za kusaidia bili za nishati, zinazotolewa California kupitia mashirika ya eneo. Kwa Fresno ni Fresno EOC. Hulipa mara moja kwa mwaka wa programu, moja kwa moja kwa kampuni ya umeme, na foleni zao huwapa kipaumbele wazee, wenye ulemavu na watoto wadogo. Wanataka bili ya karibuni, hati za kipato za wote na vitambulisho. Onyo la kukatiwa halifichwi. Linaambatanishwa, kwa kuwa linabadilisha foleni.

Wakati huohuo kampuni haina uhuru wa kukata ovyo. Kanuni za tume ya huduma California, CPUC, tangu 2020, zinakataza kukata kwa deni pale utabiri wa hali ya hewa unapoonyesha joto la zaidi ya nyuzi 100 za Farenhaiti, karibu 38 za Selsiasi, au baridi ya chini ya nyuzi 32. Fresno Julai siku za namna hiyo si chache. Mwenye Medical Baseline naye hutakiwa kufikiwa nyumbani ana kwa ana kabla ya kukatwa. Lakini joto likishuka onyo linafufuka, kwa hiyo kanuni hii ni ya kununua muda tu.

Mengine kwa ufupi

CARE ina kikomo cha matumizi. Ukipita asilimia 400 ya kiwango cha msingi katika mwezi, utatakiwa kuthibitisha kipato kwa hati na kukubali ukaguzi wa nyumba. Ukipita 600, unapewa siku 90 kushuka au unaondolewa. Kaya yetu iko asilimia 240, haina haja ya kuogopa. Mtu anayechaji gari la umeme na kupasha maji kwa umeme aangalie.

Ukaguzi wenyewe ni wa programu ya ESA, ambayo huja bure kwa kipato hadi mara mbili na nusu ya kiwango cha umaskini, yaani dola 94,125 kwa watu watano. Huziba mianya ya milango, hubadilisha taa, na friji kuukuu ikistahili hubadilishwa pia. Mpangaji anaruhusiwa, kwa ridhaa ya mwenye nyumba.

Mwezi Mei 2024 CPUC ilipitisha ada ya kudumu kwenye bili, dola 24.15 kwa mwezi kwa mteja wa kawaida, 12 kwa mwenye FERA na 6 kwa mwenye CARE, pamoja na kushushwa kwa bei ya uniti. Kampuni zimeianza kwa nyakati tofauti. Ikishaingia kwenye akaunti ya kaya hii, kisanduku cha idadi ya watu kitakuwa na gharama nyingine ya dola 6 kila mwezi.

Maombi yote haya hayana malipo. Anayegonga mlango na kutaka kupiga picha bili yako ili "akuwekee punguzo" anataka namba ya akaunti.

Umeme ukizimwa

Kampuni za California huzima umeme kwa makusudi upepo mkali na ukavu vinapotishia kuwasha moto. Mwenye Medical Baseline hupata taarifa za ziada kabla ya kuzimwa: simu, ujumbe, na asipothibitisha kupokea, mtu hutumwa kugonga mlango. Ila kuandikwa hakuzuii umeme kuzimwa, na fomu inasema hivyo. Nyumba inatakiwa iwe na cha kushika.

Betri ya kubebeka yenye uwezo wa uniti moja, yaani wati-saa 1,000, ukiondoa upotevu, inabaki na wati-saa kama 850. Gawa kwa 350, ni saa mbili na dakika 25 hivi. Siyo usiku mzima. Mtungi wa oksijeni wa saizi E una takriban lita 680. Kwa mtiririko wa lita 2 kwa dakika unakwenda saa tano na dakika 40. Mitungi miwili na betri moja inafikisha karibu saa 14, na hapo familia inakuwa imeshapata mahali pa kumpeleka. Mitungi huombwa kwa aliyeleta mashine, kwa agizo la daktari yuleyule aliyesaini fomu, na ni bora agizo liandikwe kwenye ziara ileile. Kwa betri, mpango wa DDAR unaoendeshwa na vituo vya watu wenye ulemavu huwaangalia wanaotegemea vifaa vya umeme, na miongoni mwa maswali ya mwanzo ni kama umeandikwa Medical Baseline.

Taarifa hizo zote huenda kwenye namba iliyo kwenye akaunti. Kwenye akaunti ya kaya hii namba ni ya baba, na baba huiacha simu kwenye kabati la ghala kuanzia saa 12 asubuhi. Namba ya mama iongezwe kama ya pili, na ya simu iliyo kando ya kitanda cha bibi iwe ya tatu.